Mzaliwa wa Lusaka, Mtoto wa Mkenya, Mchezaji wa Zimbabwe

Hoja iliyo mezani ni hii: mchezaji ni wa nchi iliyomfunza mchezo, si wa nchi alikozaliwa wala wa nchi ya baba yake. Nimeipeleka Tunduma makusudi. Dar es Salaam ingeishia kwenye Simba na Yanga kabla kahawa haijapoa. Tunduma nako inaanzia huko huko, ila haikomei huko, maana hapa swali la "wewe ni wa wapi" haliulizwi kwa kupitisha muda. Ukivuka tu uko Nakonde, na Nakonde ni Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, mashamba huku, wajomba kule, na posa zao hazikuwahi kuuliza mkoloni alipitisha mstari wapi.

Sauti ni nne, ya kwangu ya tano. Nimeziita kwa kazi zao na kuzipanga zisikike, kwa sababu mjadala wa kijiweni ukiuandika jinsi ulivyo, nusu yake ni watu kukatizana na nusu nyingine ni kudaiana. MWALIMU alifundisha Uraia na Historia kule Vwawa mpaka alipostaafu. DEREVA ni Mkenya, ana mzigo wa kwenda Ndola na yuko kwenye foleni ya malori. MAMA anauza mchele wa Kamsamba, anaishi Nakonde na kushinda Tunduma. KIJANA anabadili hela, kwacha mfuko wa kulia, shilingi wa kushoto, na anakokotoa kuliko mashine.

KIJANA: Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars walipewa uraia wa Tanzania. Mghana, Mguinea na mwenzao wa Ivory Coast. Sina ugomvi nao, mpira wanaujua. Lakini mimi mama yangu ni wa hapa hapa. Uchungu ulimkuta ng'ambo kwa dada yake, nikazaliwa Nakonde. Nilipofuatilia kitambulisho, ofisi moja ikanitaka nimlete babu athibitishe. Babu tulishamzika. Sasa Mwalimu, nimfukue?

MWALIMU: Usimfukue, mwanangu. Sheria ya Uraia ya 1995 ina milango mitatu: kuzaliwa, kurithi na tajinisi. Wale wamepita mlango wa tatu. Wewe unabisha hodi wa pili, na pale wanataka ushahidi. Si chuki. Mpakani kila mtu ana shangazi wa kumshuhudia.

MAMA: Na ni kweli kila mtu ana shangazi, Mwalimu. Shida yenu mnadhani shangazi zetu ni wa kutunga.

DEREVA: Sikizeni. Nyinyi mnaongea mpira wa miguu tu. Mimi niwape mtu mmoja wa kriketi, halafu mniambie ni wa nani.

KIJANA: Kriketi, ule mchezo wa kutwa nzima na nguo nyeupe?

DEREVA: Huo huo. Mtu anaitwa Henry Olonga. Babake ni Mkenya, daktari. Yeye amezaliwa Lusaka. Amecheza timu ya taifa ya Zimbabwe. Saa hii anaishi Australia. Haya, gawanyeni.

MAMA: Hakuna cha kugawa hapo. Kitovu kimezikwa Lusaka, mtoto ni wetu.

Hapo nawaomba wanyamaze kidogo, kwa sababu watu wengi hulitaja jina la Olonga bila kuijua safari yake. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1976. Akiwa bado mdogo familia ikahamia Bulawayo. Sekondari alisoma Plumtree, na hili wa Tunduma walisikie vizuri: Plumtree ni mji wa mpakani, Zimbabwe ukiipa kisogo uko Botswana, na reli inapita hapo hapo. Shule ile ya bweni ilikuwa na viwanja, na ilikuwa na walimu waliokaa na kijana mchana kutwa kumwelekeza mkono upite wapi. Kijana alikuwa na mbio, tena alikuwa na sauti ya kuimba. Vyote viwili vikaja kumlisha. Ndugu yake Victor yeye akaelekea kwenye raga, akaichezea Zimbabwe.

Alipofika umri wa kuitwa timu ya taifa, kikatokea kikwazo ambacho KIJANA atakielewa kuliko sisi wengine: pasi yake ilikuwa ya Kenya. Akalazimika kuukana uraia wa baba yake ndipo aruhusiwe. Tarehe 31 Januari 1995, mjini Harare, akaingia uwanjani kuikabili Pakistan akiwa na miaka 18, mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kuiwakilisha Zimbabwe hadi siku hiyo, na Mwafrika mweusi wa kwanza katika kriketi ya kimataifa ya nchi hiyo. Katika ova yake ya kwanza, yaani zamu ya mipira sita, alimtoa Saeed Anwar. Mechi ile ikawa ushindi wa kwanza kabisa wa Zimbabwe katika Test, yaani kriketi ya siku 5.

Lakini siku zile zile mwamuzi alimnyooshea mkono: anatupa, harushi. Kwa asiyeujua mchezo, tofauti yake ni hii. Mrushaji anakuja mbio, anauzungusha mkono juu ya bega, na kiwiko cha mkono huo hakitakiwi kukunjuka. Kiwiko kikiwa kimekunjwa kisha kikakunjuka wakati mpira unatoka, umetupa kama mtu anayetupia embe jiwe, na hilo ni kosa. Kwa mrusha mipira ya kasi, kuambiwa hivyo mbele ya dunia ni sawa na kuambiwa uanze upya kutembea. Olonga alirudi mazoezini, akaubomoa mrusho wake na kuujenga tena. Wengi wakiambiwa hivyo huishia hapo.

DEREVA: Sasa muone alivyorudi. Tarehe 19 Mei 1999, Leicester, Kombe la Dunia. India wanataka mikimbio 9 tu, wana wiketi 3, yaani watu watatu wa kutolewa, na ova 2. Hiyo mechi ni yao. Olonga anapewa mpira. Ova moja, anatoa Robin Singh, anatoa Srinath, anatoa Prasad. Zimbabwe inashinda kwa mikimbio 3.

KIJANA: Wote watatu ova moja?

DEREVA: Moja! Na mwaka uliofuata, Cape Town, akawatoa Waingereza 6 kwa mikimbio 19. Sasa fikiria huyo angebaki na pasi yake ya Kenya. Mwaka wa 1996 pale Pune Kenya iliwatoa West Indies wote kwa mikimbio 93 na kuwaangusha, kina Martin Suji, Rajab Ali na Maurice Odumbe. Weka Olonga hapo ndani. Si huyo ni wetu?

MWALIMU: Wenu kwa lipi, bwana Dereva? Kriketi mlimfundisha ninyi?

DEREVA: Damu, Mwalimu wangu. Jina lenyewe linatoka kwetu.

MWALIMU: Na Dipak Patel?

Hapa nilimvulia kofia Mwalimu, sikujua kama anaifahamu kriketi kiasi hicho. Dipak Patel alizaliwa Nairobi mwaka 1958, akahamia Uingereza akiwa mtoto, akaichezea Worcestershire kwa miaka kama 10 kuanzia 1976. Ndipo akahamia New Zealand na kuichezea Test 37. Kwenye Kombe la Dunia la 1992, nahodha Martin Crowe alimpa mpira mpya afungue dhidi ya Australia pale Auckland. Watu walishangaa kwa sababu yeye alikuwa wa mipira ya mzunguko, na mpira mpya kwa desturi ni wa wenye kasi. Australia ikalala. Mwanzoni mwa mwaka huo huo alikuwa amefika mikimbio 99 dhidi ya Uingereza, bado mmoja aandikwe mia, akatolewa akiwa mbioni. Kama kuna mtu anayestahili kuitwa mchezaji wa nchi mbili kwa kazi ya mikono yake, ni huyo: jasho la ujana Worcestershire, la utu uzima Auckland.

DEREVA: Patel pia ni wetu. Kazaliwa Nairobi.

MWALIMU: Angalia sasa! Olonga ni wenu kwa baba ingawa kazaliwa Lusaka. Patel ni wenu kwa kuzaliwa ingawa ubini wake ni wa Gujarati. Na Derek Pringle, aliyeichezea Uingereza Test 30, naye kazaliwa Nairobi, baba yake Don aliichezea Afrika Mashariki. Huyo mtamwacha?

DEREVA: Huyo... huyo tutamfikiria.

KIJANA: Kaka Dereva, wewe unapimia mchele wa kununua kwa kopo kubwa, wa kuuza kwa kopo dogo.

Kicheko kilipotulia, MAMA alichomeka jambo ambalo mimi nililitafuta nikiwa mbali na hata huko sikulipata limesemwa vizuri hivyo.

MAMA: Ninyi mnagombea mtu mmoja mmoja. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli ya TAZARA, alifanya kazi na Wahindi wa Kabwe, na walikuwa wakisikiliza kriketi redioni. Alituambia kulikuwa na timu moja, Tanzania na Zambia ndani. Hakuna cha Tunduma wala Nakonde. Ilikuwaje ile?

Ilikuwa hivi. Baraza la kriketi la dunia lilipoipokea Afrika Mashariki mwaka 1966, halikuzipokea nchi moja moja. Lilipokea timu ya pamoja, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Timu hiyo ndiyo iliyokwenda Uingereza mwaka 1975 kwenye Kombe la Dunia la kwanza, chini ya nahodha Harilal Shah, na ikachapwa mechi zote 3: New Zealand, India, Uingereza. Dhidi ya India ilitolewa kwa 120, na wafunguzi wa India, Gavaskar na Engineer, wakazifikia bila mtu kutoka. Bishan Bedi siku hiyo alirusha ova 12, akaruhusu mikimbio 6 tu. Sita! Kikosini alikuwemo John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye watu walimjua zaidi kama mwandishi na mshauri wa Rais Museveni.

Kenya ilijitoa mwaka 1981 ikaenda kivyake. Waliobaki, pamoja na Malawi, wakaja kuitwa Afrika Mashariki na Kati kuanzia 1989. Tazama ramani ya Songwe: Momba na Tunduma wanapakana na Zambia, Ileje inapakana na Malawi. Mkoa huu, ambao wakati huo haukuwa hata na jina kwa kuwa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuwa katikati kabisa ya timu hiyo bila kuwa na hata mchezaji mmoja ndani yake. Kriketi ya Tanzania ilikaa Dar es Salaam, Gymkhana na uwanja wa Annadil Burhani, na kwa miaka mingi ilikaa ndani ya jumuiya chache. Uganda ikatoka, Tanzania ikatoka, na mwaka 2003 timu ikavunjwa.

Kabla ya kuvunjwa ilimpokea mvulana mmoja wa Uganda. Frank Nsubuga aliichezea Afrika Mashariki na Kati mwaka 1997 akiwa na miaka 16. Nchi yake ikajitegemea, akaendelea na nchi yake. Juni 2024, huko Guyana, Uganda ikacheza Kombe la Dunia la T20 kwa mara ya kwanza. Nsubuga alikuwa na miaka 43. Dhidi ya Papua New Guinea alirusha ova zake 4 zote akaruhusu mikimbio 4 na kutoa watu 2, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza wa mashindano hayo. Bendera mbili, mtu yule yule, na hakuvuka mpaka wowote. Timu ndiyo iliyohama chini ya miguu yake.

MWALIMU: Hiyo ndiyo hoja yangu. Nsubuga kafunzwa Uganda, kabaki Uganda. Safi. Lakini kikosi kile cha Uganda kilikuwa na vijana waliozaliwa Pakistan na India. Riazat Ali Shah, Alpesh Ramjani. Sasa hao nao?

DEREVA: Kriketi haitaki maneno mengi kama FIFA. FIFA wanaangalia pasi. Kriketi, ukikaa nchini miaka 3 mfululizo, unacheza.

KIJANA: Miaka mitatu ya kukaa tu? Bila kumleta babu?

DEREVA: Bila babu.

KIJANA: Basi mimi nimekosea mchezo.

Mwalimu hakucheka. Alisema, na nadhani hapa ndipo alipokuwa na nguvu, kwamba sheria ya ukazi ina haki ndani yake kwa sababu inapima kitu ambacho mtu amekifanya. Kuzaliwa mahali hukufanya wewe, alifanya mama yako. Baba hukumchagua. Lakini miaka uliyoamka asubuhi ukaenda uwanjani kwa watu fulani, hiyo ni yako. Kwa mizani hiyo, alisema, Olonga ni wa Zimbabwe bila ubishi. Plumtree ndiyo iliyompa mpira. Zambia ilimpa cheti cha kuzaliwa na Kenya ilimpa jina, na cheti na jina havimtoi mtu kwenye wiketi. Aliongeza kwamba Clatous Chama, pamoja na kuitwa Mwamba wa Lusaka na kushangiliwa Tanzania nzima, hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini anaichezea Zambia. Kule ndiko alikopikwa, hapa alikuja ameiva.

Ningeweza kuufunga mjadala hapo nikampa Mwalimu ushindi. Tatizo ni tarehe 10 Februari 2003.

Siku hiyo Zimbabwe ilikuwa ikicheza na Namibia mjini Harare, mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ambalo wenyeji wake walikuwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Asubuhi waandishi wa habari walipewa tamko lenye sahihi mbili, ya Andy Flower, mpigaji bora kuliko wote waliowahi kuichezea nchi ile, na ya Henry Olonga. Walisema watavaa utepe mweusi mkononi kuomboleza kifo cha demokrasia katika Zimbabwe wanayoipenda, na kwamba hawawezi kucheza kana kwamba hawaoni njaa na mateso ya watu. Wakaingia uwanjani hivyo. Utepe mweusi juu ya kiwiko, mbele ya kamera za dunia, katika nchi ya Robert Mugabe.

Klabu yake, Takashinga, ikamfukuza. Waziri wa habari wa wakati huo, Jonathan Moyo, alimsema kuwa ana ngozi nyeusi na kinyago cheupe. Neno uhaini likaanza kutajwa, na uhaini wakati huo adhabu yake ilikuwa kifo. Kilichomwokoa, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mvua. Zimbabwe ilikuwa icheze na Pakistan Bulawayo mwanzoni mwa Machi, mvua ikaivuruga mechi, pointi zikagawanywa, na Zimbabwe ikasonga hatua inayofuata iliyochezwa Afrika Kusini. Timu ikavuka mpaka naye akiwemo. Kenya ya baba yake, katika hatua hiyo hiyo pale Bloemfontein, ikaifunga Zimbabwe kwa wiketi 7 na kuingia nusu fainali. Olonga akatangaza kustaafu Machi ile ile, miaka 26, umri ambao mrushaji ndiyo kwanza anakomaa. Akaenda Uingereza, akawa mtangazaji, akacheza kriketi ya burudani na timu ya Lashings, akaimba. Mwaka 2015 akahamia Australia, na mwaka 2019 akapanda jukwaa la The Voice kule, watu wakashangaa kusikia kuwa huyu mwimbaji aliwahi kuwa mchezaji.

MWALIMU: Na mimi hapo ndipo ninaposema alikosea. Sikilizeni kabla hamjanizomea. Umekaribishwa nyumba ya watu. Wamekupa shule, wamekupa jezi, wamekupa uraia. Ukiona baba mwenye nyumba amekosea, unamwambia chumbani. Huendi kumlilia barabarani wageni wakiwa wamejaa.

DEREVA: Mwalimu, si umesema ni wa Zimbabwe bila ubishi? Sasa amekuwa mgeni saa ngapi?

MWALIMU: Kucheza ni jambo moja. Kuisema nchi ni jambo jingine.

KIJANA: Kwa hiyo mimi nikipata kitambulisho, nitakuwa na ruhusa ya kubadili hela lakini si ya kulalamika kuhusu choo cha soko?

MWALIMU: Usinichekeshe, mwanangu. Nasema mtu wa kuja ana adabu yake.

MAMA: Kaunda alikuwa mtu wa kuja, Mwalimu?

Kimya kikaingia. Kaunda anahusu huku kuliko mtu mwingine yeyote wa Zambia. Alizaliwa mwaka 1924 misheni ya Lubwa, Chinsali, na Chinsali ni makao makuu ya Muchinga, jimbo lile lile la Nakonde. Wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya sasa. Aliiongoza Zambia kuanzia uhuru, miaka 27. Mwaka 1996 katiba ikabadilishwa: anayetaka urais, wazazi wake wote wawili wawe Wazambia. Machi 1999 Mahakama Kuu ya Ndola ikamtangaza kuwa si raia, mtu aliyeipandisha bendera yenyewe. Ilibidi rufaa ndiyo imrudishie nchi yake.

MAMA: Alipokuwa akitawala, hakuna aliyemuuliza babake katoka wapi. Alipoanza kuwasumbua wenzake, ndipo Malawi ikakumbukwa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nayakumbuka. Watu hawakuulizana asili siku ya kupiga kura ya ndiyo.

DEREVA: Kwetu pia wanafanya hivyo, tena sana tu.

Na kwetu, niongeze, hatukuwa nyuma. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania ilimtangaza Jenerali Ulimwengu kuwa si raia, pamoja na wenzake kadhaa. Ulimwengu alikuwa amewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Alipokuwa mkuu wa wilaya, asili yake haikumzuia mtu kula. Alipokuwa mwenye magazeti yanayouma, ikawa habari. Mwalimu aliyafundisha mambo haya darasani. Alitikisa kichwa, lakini hakukana.

Basi nitoe la kwangu, kwa sababu mwandishi anayejificha nyuma ya sauti za wengine mpaka mwisho anakwepa lawama. Hoja ya Mwalimu kwamba mchezaji ni wa waliomfunza ninaikubali, ila inaishia mlangoni. Inatosha kwa jezi. Haitoshi kwa nchi. Uwanja unamfanya mtu mchezaji wao. Kinachomfanya mtu kuwa wao kweli ni kwamba nchi ikienda mrama na yeye inamuuma, na akisema hasemi kama jirani anayechungulia uani. Kipimo hiki Olonga alikipita siku ile moja kuliko wiketi zake 68 za Test zote zikiwekwa pamoja. Na nikitaja lililobaki mtaona kwa nini nasema hivyo: Andy Flower naye hakuzaliwa Zimbabwe. Alizaliwa Cape Town. Wachezaji wawili waliosimama kuililia Zimbabwe, mmoja mweupe mmoja mweusi, hakuna hata mmoja aliyezaliwa pale. Waliozaliwa pale, tena wengi wao wakiona yote, walicheza mechi ikaisha.

MWALIMU: Siwalaumu walionyamaza. Wana watoto.

MIMI: Wala mimi siwalaumu. Nasema tu kwamba kitovu hakikumsemesha mtu siku ile.

MWALIMU: Tena usiwaweke Flower na Olonga kapu moja. Flower alikuwa na miaka 34, amevuna, Uingereza wanamngojea. Essex walimpokea, baadaye akaja kuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya Uingereza. Olonga alipoteza kazi, klabu, nchi. Na akaitwa msaliti wa rangi yake, tusi ambalo mwenzake halikumgusa. Bei haikuwa moja.

Hilo ni kweli, na nimeliacha kwa maneno yake kwa kuwa mimi nisingelisema vizuri zaidi. Nitaongeza jambo dogo la kisheria. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, Zambia tangu 2016. Olonga wa leo asingelazimika kumkana baba yake kwa upande wa Kenya ili avae jezi. Tanzania mpaka sasa mtu mzima bado anatakiwa achague, na wanaolijua hilo kuliko mawakili wa Dar es Salaam ni watu wa mpakani ambao huchagua mara kadhaa kwa siku, kutegemea aliye mbele yao ni nani.

Mjadala ulikuwa umeanza kuvunjika, Dereva ameshachungulia foleni mara mbili, ndipo KIJANA akaleta kesi yake halisi. Timu ya mtaa wake iko kwenye mashindano ya mbuzi, na kipa wao anatoka Nakonde. Wapinzani wamepeleka malalamiko: mgeni. Kamati inakaa jioni, na mmoja wa wanakamati ni Mwalimu.

KIJANA: Mwalimu, kwa ulivyosema mwenyewe. Kafanya mazoezi na sisi tangu yuko darasa la nne. Uwanja wetu, jasho letu. Acheze, asicheze?

MWALIMU: Kwa mazoezi, acheze. Hilo sina la kulipinga.

MAMA: Na refa akiwaonea, akaenda kumwambia?

MWALIMU: Kipa hana kazi na refa. Nahodha ndiye anayesema.

KIJANA: Ndiye nahodha, Mwalimu.

MWALIMU: Nani kampa unahodha mtu wa Nakonde?

KIJANA: Tulipiga kura.

MWALIMU: Mlipiga lini?